Pancha Jogoo Road: Kubadilisha Tairi Ni Rahisi, Kutoka Hapo Mzima Ndio Kazi

Wasee wa Jericho, Maringo, Buru na Donholm, hii ni yenu. Lakini hata kama wewe ni wa Rongai ama Nakuru, kaa hapo, ju gari ni gari na pancha ni pancha.

Swali la kwanza. Tairi ikiisha hewa saa mbili usiku ukiwa Jogoo Road, unafikiria nini kwanza? Wengi watasema jeki. Hapo ndio shida huanzia. Jeki ni kitu ya tano ama ya sita. Kufungua nati tano na kuzirudisha ni kazi ya dakika ishirini, hata kwa mtu hajawahi shika spana. Nati haziui mtu. Kinachoua ni nganya imetoka Donholm mbio, dere anaangalia abiria kwa steji, na wewe umechuchumaa kando ya gari yako, mgongo kwa barabara, simu mdomoni ikikumulikia.

Cheki hii. Mwaka wa 2023, NTSA ilihesabu zaidi ya watu 4,000 waliokufa kwa barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wa miguu. Sasa, dakika ile unafungua mlango ushuke kubadilisha tairi, wewe si dere tena. Umekuwa mtu wa miguu, tena umesimama mahali hakuna mtu anatarajia kupata mtu.

Kwa hivyo hii makala iko na mpango tofauti kidogo. Tutaanza na mahali pa kusimama, twende kwa vile utaonekana, alafu ndio tushike spana.

Tairi ikilipuka, wacha breki

Kuna pancha ya pole pole na kuna kulipuka. Ya pole pole utaisikia kwa usukani: gari inavuta upande mmoja, inakuwa nzito, alafu ile sauti ya fwap fwap fwap inaanza chini. Hiyo inakupea muda. Kulipuka ni mlio kama wa risasi, na gari inaruka upande saa hiyo hiyo.

Mguu wako utataka kukimbilia breki. Usiuruhusu. Ukikanyaga breki kwa nguvu na tairi moja imekufa, zile tatu zinashika lami na moja haishiki, na gari inazunguka. Shika usukani na mikono miwili, uweke gari iende mbele, toa mguu kwa mafuta pole pole, uwache gari ijichokee yenyewe. Ikishapunguza mwendo vizuri, weka indiketa ya kushoto na uanze kutoka. Breki utaigusa mwisho, kidogo tu.

Unasimama wapi? Hapa ndio kuna uhai

Wale wamefunzwa kuendesha kwa vitabu wataambia usimame kando ya barabara. Poa, lakini kitabu hakijui Jogoo Road. Kando ya Jogoo Road saa ya jam si mahali pa kusimama, ni njia ya pili ya mathree. 58 ya Buru ikiona jam mbele inapanda hapo kama imejengewa. Nduthi nazo zinapita popote baiskeli inaweza kupita. Ukiweka gari yako hapo ukadhani uko salama, umejipeleka mahali madere wanakimbia zaidi na wanaangalia chini ya hapo.

Kwa hivyo, endelea. Ndiyo, na pancha. Washa hazadi, shuka hadi mwendo wa mtu anayetembea, na usonge pole pole hadi mahali pa maana. Ukiwa unatoka tao, ukipita Maringo unajua Rabai Road iko mbele upande wako wa kushoto. Ingia hapo, tafuta mahali tambarare penye mwanga ndani ya mtaa, ama ingia kwa petroli stesheni. Ukiwa unaenda tao, usijaribu kukata barabara kurudi Jericho upande wa pili. Ingia tu kushoto kwa mlango wa kwanza wenye stima na watu.

Najua unafikiria nini: nitaharibu tairi. Ndiyo, ukiendesha tairi bila hewa kwa mita mia tatu, kuna uwezekano mkubwa imeenda. Ukiendesha zaidi hata rimu inaweza kupinda. Lakini tairi utapata ingine. Rimu ya mtumba iko Kirinyaga Road, na ukikosa hapo utaambiwa nani anayo. Mguu wa mtumba hakuna mahali unauzwa.

Mahali pazuri pana sifa nne. Pako tambarare. Chini ni pagumu, si matope wala mchanga ambapo jeki itazama. Madere wanaokuja wanakuona kutoka mbali, kwa hivyo si kwa kona na si mara tu baada ya raundabauti. Na si kwa steji, ju mathree hazitaenda kutafuta steji ingine sababu wewe una pancha.

Na sasa ile maneno ya usalama ya mtaa. Ukiwa Nairobi unajua kuna mchezo wa msee anakupita akionyesha kidole kwa tairi yako ya nyuma, uso umejaa huruma, "Buda, gurudumu inatoka!" Inaweza kuwa kweli. Inaweza kuwa anataka ushuke na uache mlango wazi ndio beshte yake achukue simu na mkoba upande ule mwingine. Jibu ni moja kwa zote mbili: mshukuru kwa mkono, punguza mwendo, usisimame hapo, songa hadi mahali pana mwanga na watu. Kama tairi kweli ina shida, utaisikia. Ukikosa petroli stesheni, kituo cha polisi cha Jogoo ama cha Buruburu kiko karibu na hizi pande, na hakuna karao atakukataza kusimama nje ya kituo na pancha.

Ukishasimama: funga vioo, toa ufunguo uweke mfukoni, funga milango yote hata kama unashuka dakika moja. Msee akikuja kukusaidia, na Eastlands watakuja ju watu wetu wako na roho, elewaneni bei kabla spana haijaguswa. Kuna wenye watakataa kulipwa. Kuna wenye wangetaka thao tatu baada ya nati ya mwisho. Kuuliza mapema hakumkosei mtu yeyote heshima.

Abiria wote nje

Mtu asibaki ndani ya gari. Hata shosho. Hata mtoto amelala. Kwanza, gari ikigongwa wao ndio wataumia. Pili, uzito wao ukihamahama unaweza kuangusha gari kutoka kwa jeki.

Wote washuke kwa milango ya kushoto, mbali na barabara, na wasimame kando kabisa, ng'ambo ya mtaro kama upo. Wasisimame mbele ya gari, ju gari ikigongwa kutoka nyuma inasukumwa huko mbele. Na wasisimame kati ya gari na life saver kwa lami wakipiga picha. Mtoto ashikwe mkono na mtu mmoja mwenye hana kazi ingine.

Life saver si pambo la buti

Zile pembetatu nyekundu tunaita life saver ziko na jina linalofaa. Kwanza sheria: kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya shilingi 3,000 kwa gari isiyokuwa nazo. Na gari iliyoachwa mahali inafunga barabara, faini kwa hizo kanuni ni shilingi 10,000. Kwa hivyo hata kama hupendi maisha yako, penda pesa yako.

Lakini shida kubwa ni mahali tunaziweka. Msee anatoa life saver anaiweka hatua tano nyuma ya bampa, karibu iguse gari. Hapo imekuwa sehemu ya gari.

Wacha tupige hesabu kidogo, si nyingi. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Dere akikuona, akili yake inachukua kama sekunde moja unusu kabla mguu haujafika kwa breki. Hapo ameshakuja mita 21. Breki nazo zinahitaji mita zingine 14 hivi kwa lami kavu. Jumla ni mita 35. Ikiwa kilomita 80 kwa saa, hiyo inapanda hadi karibu mita 70. Hiyo ni lami kavu, tairi nzuri, na dere hajashika simu. Mvua ikinyesha, ongeza. Tairi zikiwa kipara, ongeza tena.

Sasa umeelewa kwa nini hatua tano hazisaidii mtu. Kwa Jogoo Road, tembea hatua hamsini nyuma ya gari yako uweke ya kwanza. Kwa Thika Road ama Mombasa Road, nenda mia moja na zaidi. Kama kuna kona ama kilima nyuma yako, iweke kabla ya hiyo kona, ndio dere apate habari kabla hajakuona. Kwa barabara ya njia mbili zinazokutana, ya pili iende mbele ya gari. Kwa Jogoo Road hakuna gari inakuja kutoka mbele kwa upande wako, kwa hivyo weka zote nyuma, moja mbali na ingine katikati.

Ukienda kuiweka, tembea nje kabisa ya lami, ukiishika mbele ya kifua upande unaong'aa ukiangalia magari. Usiku hiyo ndio nguo yako ya kuonekana. Kama uko na ile koti ya kung'aa ya watu wa nduthi, vaa kabla ya kufungua buti.

Na zile matawi? Tumezoea, lori ikiharibika dere anakata majani anayapanga kwa lami. Mchana inasaidia kidogo ju kila dere wa Kenya anajua hiyo lugha. Usiku jani haling'ai. Na yale mawe ya kuzuia gari isirudi nyuma, watu wanabadilisha tairi, wanawasha gari, wanahepa. Jiwe linabaki katikati ya lami likingojea nduthi. Ukiweka jiwe, ondoa jiwe. Hiyo haihitaji karao.

Kuna tairi hufai kubadilisha

Hii sehemu isome mara mbili. Kama pancha iko upande wa kulia, upande wa dereva, maana yake utafanya kazi ukiwa upande wa magari yanayopita. Angalia nafasi kati ya mgongo wako na magari. Kama huwezi kuwa na hatua mbili kamili za nafasi, usiibadilishe hapo. Songa mbele zaidi hata kama rimu inalia. Kama gari haisongi kabisa, wacha hazadi na life saver zifanye kazi yao, simama mbali na barabara, na upige simu.

Kama una ile bima kubwa, soma karatasi zako leo, ju bima zingine ziko na huduma ya kuvutwa na watu hulipia miaka bila kujua. AA Kenya pia wana hiyo huduma kwa wanachama wao. Na kama umefunga njia na magari yanakuja mbio, hiyo ni dharura: piga 999 ama 112.

Kulipa gari ya kuvuta inauma. Lakini watu wengi wanagongwa wakijaribu kuokoa hiyo pesa.

Sasa ndio kazi yenyewe

Uko mahali pazuri, life saver ziko mbali, abiria wako kando. Twende.

Moja, lala gari. Zima injini, vuta hendibreki hadi mwisho. Otomatiki, weka P. Ya manyuo, weka gia ya kwanza ama riversi.

Mbili, ziba gurudumu. Tafuta jiwe kubwa ama kipande cha mbao, uweke kwa tairi iliyo kona ya mbali kabisa na pancha. Pancha ikiwa mbele kushoto, unaziba ile ya nyuma kulia, mbele na nyuma yake. Usiseme hendibreki inatosha. Kwa gari nyingi hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Na ile P inashika magurudumu yale yanayosukuma gari, lakini kuna difu katikati yao. Ukiinua gurudumu moja, difu inaruhusu lile lililobaki chini kuzunguka. Ndio maana kuna gari zilianza kutembea zikiwa juu ya jeki na P imewekwa.

Tatu, toa spea kwanza, kabla hujainua kitu. Ikague. Hakuna uchungu kama kuinua gari, kutoa tairi, alafu kugundua spea nayo ilikufa zamani. Ukishaitoa, ilaze chini ya gari karibu na mahali pa jeki. Jeki ikiteleza, gari itaangukia spea na haitaangukia wewe.

Nne, legeza nati kabla ya jeki. Hii ndio watu wengi hugeuza. Gari ikiwa juu, gurudumu linazunguka na wewe unavutana nalo, na gari inatikisika kwa jeki. Ikiwa chini, lami inakushikia gurudumu. Weka spana iingie hadi mwisho wa nati, mkono wa spana uangalie kushoto, alafu sukuma chini. Kulegeza ni kinyume cha saa. Nusu zamu kwa kila nati inatosha, usizitoe.

Ikikataa, usitumie mgongo. Simama wima, shikilia gari, kanyaga mwisho wa spana na uzito wako pole pole. Ama ingiza bomba kwa mkono wa spana uurefushe. Hii ndio sababu sikubali ile story ati kubadilisha tairi ni kazi ya wanaume. Ni kazi ya urefu wa spana. Msupa wa kilo hamsini mwenye bomba la mita moja anafungua nati imeshinda jamaa wa gym mwenye spana fupi.

Kama nati moja iko na umbo la ajabu, hiyo ni ya kuzuia wezi na ina ufunguo wake mdogo. Huo ufunguo huwa kwa dashibodi ama kwa shimo la spea. Kama ulinunua gari mkononi mwa mtu, muulize leo, usingoje usiku.

Tano, jeki. Kila gari ina mahali pake. Pitisha mkono chini ya bodi, kati ya gurudumu na mlango, utasikia mikato miwili kwa chuma. Jeki inaingia kati ya hiyo mikato. Ukiiweka mahali pengine popote inaweza kutoboa sakafu ya gari ama kuteleza. Chini pakiwa na mchanga, weka kipande cha mbao chini ya jeki. Inua hadi tairi iachane na lami kama upana wa ngumi, ju spea yenye hewa ni kubwa kuliko tairi imekufa.

Kuanzia sasa hadi gari ishuke, hakuna sehemu ya mwili wako inaingia chini ya hiyo gari. Nati ikianguka ikabingirika huko chini, ivute na kijiti. Jeki ya buti imetengenezwa kuinua, haijatengenezwa kushikilia gari ndio mtu alale chini.

Sita, toa nati, ziweke pamoja mahali moja, ndani ya kofia ama kiatu. Vuta gurudumu na mikono miwili ukishika pande. Likikwama kwa kutu, lipige teke kwa mpira, upande huu alafu upande ule, pole pole. Ukilitoa, libadilishe na spea chini ya gari.

Saba, vaa spea. Keti chini, tumia vidole vya mguu kuinua gurudumu lifikie bolti. Rudisha nati na mkono, upande uliochongoka ukiingia kwa rimu. Zikaze na vidole hadi zikatae.

Nane, shusha gari hadi tairi ishike lami, alafu ukaze. Usizunguke kama saa. Kama ni nati tano, chora nyota: moja, ruka moja, nenda ng'ambo, hadi umalize. Kama ni nne, msalaba. Ukifuata mduara, rimu inakaa upande na itaanza kutetemeka ukifika Muthurwa.

Kukaza kiasi gani? Toyota nyingi ndogo, hizi Vitz na Probox zimejaa mtaani, zinataka karibu Nm 103. Kwa lugha ya kawaida: spana ya sentimita 25, ukisukuma mwisho wake na uzito wa kilo 40 hivi, umefika. Usikanyage kwa kuruka, na lile bomba la kulegeza lisitumike kukaza. Utakata bolti, na hiyo ni shida mpya.

Mwisho: okota mawe, okota life saver ukitembea nje ya lami, hesabu vifaa, nenda. Ukishaenda kilomita kama hamsini, ama kesho yake asubuhi, kaza nati tena.

Spea yako ni mzima ama ni mgonjwa?

Spea huoza kimya kimya. Mambo matatu ya kuangalia.

Presha. Kuna stika kwa fremu ya mlango wa dere. Gari imetoka Japani stika inaweza kuwa na maandishi ya Kijapani, lakini namba ni zile zile. Utaona 220 ama 230. Hizo ni kPa. Kijana wa petroli stesheni anatumia PSI: 220 ni kama 32, na 230 ni kama 33. Piga picha ya hiyo stika uweke kwa simu. Ukienda kujaza hewa, mwambie aangalie spea pia. Ni sekunde thelathini.

Aina. Kama spea yako ni nyembamba kuliko tairi zingine na namba yake inaanza na herufi T, hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi tu. Inataka PSI 60, karibu mara mbili ya tairi ya kawaida, na imeandikwa isizidi kilomita 80 kwa saa. Kuna watu wanaenda ocha nayo Krismasi na kurudi Januari. Usiwe huyo.

Umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, alafu namba nne za mwisho. Ikiwa 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kampuni nyingi za tairi zinashauri tairi ikifika miaka kumi itolewe hata kama ngozi yake inang'aa, na spea imehesabiwa humo. Hiyo namba iangalie pia ukinunua tairi ya mtumba. Muuzaji atakuonyesha meno ya tairi. Wewe muulize mwaka.

Kwa fundi wa pancha

Usikae na pancha kwa buti wiki mbili. Nenda kwa fundi kesho yake. Unamjua: tairi kuukuu imesimamishwa kando ya barabara, kompresa inanguruma, na karai la maji meusi kuliko chai ya rangi.

Simama hapo akifanya kazi. Hewa ikijazwa, tairi inaingia kwa maji na mapovu yanakuonyesha shimo. Hesabu mashimo na yeye, pamoja. Fundi mzuri hawezi kukasirika, atakuonyesha mwenyewe. Shimo likiwa kwa sehemu inayokanyaga lami, ile kamba ya mpira ama kiraka cha ndani kitafanya kazi, na kiraka cha ndani ndio bora. Shimo likiwa ubavuni, hakuna kamba wala kiraka kitakuokoa, ju ubavu unapinda kila mzunguko. Ukiambiwa "hii itashika tu," mwambie asante. Na kama uliiendesha bila hewa, mwambie aangalie ndani: akipata unga wa mpira mweusi, ubavu umeshasagika na tairi imekwisha.

Fanya hii Jumapili

Kila kitu nimesema hapa utakisahau usiku wa mvua kama mikono yako haijawahi kukifanya mchana. Kwa hivyo Jumapili hii, mechi za Camp Toyoyo zikiisha ama kabla hazijaanza, tafuta mahali tambarare ndani ya mtaa, toa gurudumu moja zima na ulirudishe. Ita sistako. Ita mathe kama anaendesha. Kila mtu anayeshika huo usukani aone jeki inaingia wapi na afungue nati moja na mguu wake.

Huko ndio utajua kama spana ya gari inaingia kwa nati zako ama ni ya gari ingine kabisa. Utajua kama jeki iko, ama ilienda na binamu Desemba. Utajua kama hizo life saver zinasimama ama miguu yao ilivunjika.

Kwa buti weka hizi: life saver mbili, jeki na spana yake, bomba, kipande cha mbao, glavu, tochi yenye betri yake, koti ya kung'aa, na ufunguo wa ile nati ya wezi. Vyote vinaingia kwa gunia moja.

Kama gari iko hapo nje saa hii, weka simu mfukoni, shuka, fungua buti, na uinamie spea uibonyeze na kidole gumba. Ikibonyea, unajua kesho asubuhi unaanzia wapi.